Damu moja, majibu matatu: nimwamini nani?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi seremala hapa Moshi, nina miaka 34. Mwezi wa pili nilichangia damu kwenye zoezi lililofanyika kanisani kwetu. Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu niende, nikaambiwa damu yangu imekutwa na homa ya ini B. Sikuamini, maana siumwi popote. Nikaenda zahanati ya jirani, wakanitoboa kidole, kipimo cha dakika 15, jibu hasi. Nikafurahi, lakini roho haikutulia. Nikaenda maabara nyingine, pale mstari wa pili ukatokea hafifu kama kivuli, dada wa maabara akasema 'unayo kidogo tu'. Sasa rafiki yangu ananiambia niachane na hivyo vyote, nikapime PCR, ndiyo mwisho wa maneno, ila bei yake ni kubwa. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na tuna mtoto wa miaka 4. Bado sijamwambia. Kati ya hawa watatu nani anasema ukweli? Na kama vipimo vya haraka vinadanganya, kwa nini vinatumika?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza: mke wako apimwe wiki hii. Asisubiri mpaka wewe umalize kutafuta ukweli wa damu yako, kwa sababu mimba ya miezi mitano inazidi kusogea, na majibu yake yeye ndiyo yatakayoamua mtoto aliye tumboni alindwe vipi. Mengine yote nitakayoandika hapa yana nafasi ya siku mbili tatu. Hilo halina.

Sasa turudi kwenye majibu yako. Umeyapanga kama mashahidi watatu mbele ya hakimu, na unaona kwamba mmoja wao lazima atakuwa mwongo. Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na nikisoma barua yako naona inawezekana kabisa kwamba wote watatu walisema kile walichokiona. Tofauti yao ni ukali wa macho.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana linachanganya watu wengi. Homa ya ini B siyo homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, wa kirusi kingine kinachoenezwa na mbu, na ndiyo ile chanjo wasafiri wanayoulizwa uwanja wa ndege. Macho kuwa ya njano ni dalili tu, inaweza kuletwa na magonjwa mengi ya ini. Na wewe kutokuumwa popote hakuthibitishi chochote: mtu anaweza kukaa na kirusi cha homa ya ini B miaka ishirini akipiga randa kila siku bila kuhisi kitu.

Kirusi hiki kinajificha ndani ya ini na kuzaliana humo. Kila kirusi kizima huvaa koti la protini. Lakini kuna jambo la ajabu: ini lililoambukizwa linashona makoti kupita kiasi. Kwa kila kirusi kimoja kizima, damu inaweza kuwa na makoti matupu elfu moja, hata laki moja, yasiyo na chochote ndani. Koti hilo ndilo unaloliona limeandikwa HBsAg kwenye karatasi ya majibu. Mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg, na wenzake walikutana nalo kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia na kulitangaza mwaka 1965, na mwaka 1976 Blumberg akapewa tuzo ya Nobeli. Nakueleza hili kwa sababu ndilo jibu la swali lako la "kwa nini vinatumika". Wingi huo wa makoti ndio unaofanya ugonjwa huu uweze kugunduliwa kwa utepe wa karatasi na tone la damu, mahali pasipo na umeme wala friji.

Shika kile kipimo mkononi ukiangalie kwa karibu. Ndani ya plastiki ile nyeupe kuna utepe mwembamba. Karibu na shimo la kudondoshea damu umepakwa kingamwili, yaani protini zinazolinasa koti hilo, zilizobebeshwa punje ndogo mno za dhahabu. Ni dhahabu kweli, ila ikisagwa kuwa ndogo kiasi hicho rangi yake huwa nyekundu. Damu ikidondoshwa na matone ya dawa yake yakifuata, majimaji hupanda utepe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari, na utaona wimbi la rangi ya waridi likisogea taratibu. Kwenye alama ya T kuna kingamwili nyingine zilizogandishwa zinavizia. Kama damu ina yale makoti, koti hushikwa huku na kingamwili yenye dhahabu na kule na kingamwili iliyogandishwa. Dhahabu inarundikana, mstari unatokea. Mstari wa C wenyewe hautafuti ugonjwa wowote. Unakamata zile kingamwili zenye dhahabu, uwe na virusi au usiwe navyo, na kazi yake ni kutuambia kwamba majimaji yamefika mwisho na kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo kile ni cha kutupa, hata kama T imetokea.

Ili jicho lako lione mstari wa T, dhahabu lazima irundikane ya kutosha. Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Mashine za kupimia damu ya wachangiaji zinatumia wazo lilelile la kulikamata koti, lakini hazitegemei jicho. Katika njia ya ELISA, kwa mfano, kila koti lililonaswa huunganishwa na kimeng'enya, na kimeng'enya kimoja huzalisha rangi mfululizo mpaka mashine iisome na kuipa namba. Shirika la Afya Duniani, likichagua vipimo vya kupendekeza, linataka kipimo cha haraka kiweze kuona walau uniti 4 za HBsAg katika mililita moja ya damu. Kwa ELISA linataka 0.13. Piga hesabu: mashine inaona kiasi kilicho kidogo mara 30 hivi kuliko kile utepe unachotakiwa kukiona.

Kwa hiyo mtu mwenye makoti machache kwenye damu anaweza kukutwa chanya na mashine, akakutwa hasi na utepe wa aina moja, halafu utepe wa aina nyingine wenye macho makali kidogo ukamwonesha kwa mbali. Ndivyo majibu yako yalivyokuja, na kwa mpangilio huo, maelezo haya ndiyo ninayoyapa uzito mkubwa. Sikufichi.

Lakini sijakuhukumu, na wewe usijihukumu bado. Maabara ya damu salama, yaani ile iliyopima damu uliyochangia, ina kazi tofauti na ya daktari wako. Yenyewe inamlinda mgonjwa atakayewekewa damu ile, mama aliyetoka kujifungua akivuja damu, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Damu ikitiliwa shaka hata kidogo inatupwa, na ni sawa itupwe. Mashine inayoshuku sana humtuhumu pia mtu asiye na kosa mara mojamoja. Ndiyo maana jibu la mchangiaji ni mlango wa kuingilia kwenye uchunguzi. Uchunguzi wenyewe unafanywa kwa sampuli mpya.

Vipimo vya haraka navyo hukosea pande zote mbili. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba vya homa ya ini B hugundua wagonjwa 90 hivi kati ya 100, na kati ya watu 1,000 wasio na ugonjwa huwasingizia 5. Tuseme tumepima watu 1,000 mjini, na 50 kati yao wana virusi. Utepe utawakamata 45 na kuwaacha 5 waende nyumbani wakishangilia. Kati ya wale 950 wazima, kama watano hivi wataoneshwa mistari miwili. Yaani katika kila watu kumi walioambiwa chanya, mmoja hana. Kwa kipimo cha dakika 15 kinachofanyika wodi ya wazazi usiku wa manane, hiyo ni kazi nzuri sana. Kwa mtu anayetaka kujua hatima yake, hasa aliyekwisha kutuhumiwa na mashine, haitoshi.

Nirudi kwa yule dada aliyekwambia "unayo kidogo tu". Naamini alitaka kukutuliza, lakini kauli ile si sahihi. Mstari hafifu uliosomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye kijikaratasi cha maelekezo ni chanya, na huhesabiwa chanya inayohitaji kuthibitishwa. Hafifu haimaanishi ugonjwa mdogo, wala kukoza hakumaanishi ini limeharibika. Tena kuna jambo la nadra: makoti yakizidi mno yanazijaza kingamwili za pande zote mbili kila moja kivyake, zikashindwa kukutana, na mstari ukafifia au ukakosekana kabisa kwa mtu mwenye virusi tele.

Muda nao ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Aliwahi kuja mzee mmoja kutoka Kibosho na kipimo chake ndani ya bahasha ya kaki, amekifunga kwa tishu kama kito. Alipimwa jana yake, akaambiwa hasi, akaomba akichukue kipimo chake. Asubuhi akakuta mstari wa pili. Usiku kucha familia haikulala. Nilipokiweka kwenye mwanga wa dirishani niliona mstari wenyewe ni wa kijivu, hauna wekundu hata chembe, alama inayobaki utepe unapokauka. Tukampima upya kwa mashine, hakuwa na kitu. Kipimo kikishasomwa kwa wakati wake kinatupwa kwenye ndoo ya taka hatarishi. Hakiendi nyumbani.

Na joto. Vipimo vingi vya aina hii vinatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 30. Wewe unaijua Moshi ya mwezi wa pili, bati linavyochemka saa nane mchana. Boksi la vipimo likikaa juu ya kabati chini ya bati hilo, zile kingamwili zinachoka kabla ya tarehe ya kuharibika kufika. Pakiti ikifunguliwa mapema wakati wa masika, unyevu unaingia kwenye utepe. Kwa hiyo huna haja ya kumshuku mtu yeyote. Ila unaruhusiwa kumwomba mpimaji, kwa upole, aifungue pakiti mbele yako na mtazame tarehe wote wawili.

Kuhusu PCR, rafiki yako ana nia njema lakini amekuelekeza uanzie paa kabla ya msingi. PCR haitafuti koti. Inatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe na kuvidurufu: kila mzunguko wa joto na baridi unazidisha mara mbili, na mizunguko 30 huigeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni moja. Ni njia aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, na leo imeingizwa kwenye katriji kama zile za GeneXpert ambazo wengi wanazijua kwa kupimia makohozi ya kifua kikuu. Zamani ilikuwa kazi ya siku nzima, sasa ndani ya saa moja au mbili mashine inatoa namba. Kwa baadhi ya maswali hakuna kinachoishinda. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI, kwa mfano, anakuwa na kingamwili za mama yake mpaka karibu miezi 18, hivyo utepe unaotafuta kingamwili ungemsingizia. Yeye anachomwa kisiginoni, damu inakaushwa kwenye karatasi, na vinasaba vinatafutwa.

Kwako wewe swali ni tofauti. Watu wengi wenye homa ya ini B ya muda mrefu wana virusi wachache sana kwenye damu, wakati mwingine wachache kiasi cha PCR kutowaona, huku ini likiendelea kumwaga makoti. Ukitoa hela yako nyingi ukapata jibu "havijaonekana", utashangilia kama ulivyoshangilia kwenye zahanati, na bado unaweza kuwa navyo. Kipimo cha wingi wa virusi, ambacho ndicho hiyo PCR, kinakuja baada ya ugonjwa kuthibitishwa, kumsaidia daktari kuamua kama unahitaji dawa.

Hivyo usinunue utepe wa nne. Nenda hospitali yenye maabara ya mashine. Hapo Moshi una KCMC na Mawenzi, na ukiwa upande wa Arusha kuna Mount Meru. Beba karatasi ya damu salama na majibu yote mawili ya baadaye, hata lile hasi. Omba uonane na daktari kwanza, umweleze yote kama ulivyoniandikia. Damu itatolewa kwenye mshipa wa mkono. Mwombe HBsAg kwa mashine, pamoja na kipimo kinachoitwa anti-HBc, ambacho kinaonesha kama mwili wako uliwahi kukutana na kirusi chenyewe. Chanjo haiwezi kukifanya kiwe chanya, ndiyo maana nakipenda. HBsAg ikiwa shakani, maabara nyingine zina hatua moja nzuri ya kuthibitisha: wanaongeza kingamwili za koti kwenye sampuli yako kisha wanapima tena. Kama kilichosomwa mwanzo kilikuwa koti kweli, kingamwili zitalifunika na namba itaporomoka. Kama kilikuwa kitu kingine kilichojifananisha nalo, namba itabaki palepale.

Vyote viwili vikiwa hasi, ulisingiziwa, na hatua inayofuata ni kuchanjwa. Chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, wewe umeshapita umri huo, kwa hiyo hukuipata utotoni. Angalizo moja: usichanjwe kabla ya kupima. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa koti lile lile, na kwa siku 18 hivi baada ya sindano inaweza kufanya kipimo kiwe chanya, tukarudi kwenye mkanganyiko huu huu.

HBsAg ikithibitika, utarudia baada ya miezi sita. Mtu mzima akiambukizwa ukubwani, kwa kawaida mwili unakifukuza kirusi wenyewe, na wanaobaki nacho ni chini ya 5 katika 100. Aliyeambukizwa uchangani hali ni kinyume: 9 kati ya 10 au zaidi hubaki nacho. Koti likiwa bado lipo baada ya miezi sita, ugonjwa tunauita wa muda mrefu. Hapo daktari ataangalia vimeng'enya vya ini, chembe sahani (zile zinazogandisha damu) kwenye picha kamili ya damu, VVU, na wingi wa virusi kama unapatikana. Wengi hawahitaji dawa mara moja, wanahitaji kufuatiliwa. Wanaohitaji, kuna tenofovir, kidonge cha kila siku, kinachokizuia kirusi kuzaliana ingawa kwa kawaida hakikiondoi kabisa. Yeyote anayekuuzia dawa ya miti shamba ya "kusafisha ini" mwepuke, ini ndilo litakalobeba mzigo wa kuichuja.

Mke wako sasa. Akiwa hasi na hana kinga, anachanjwa hata akiwa mjamzito, chanjo ni salama, na mtumie kondomu mpaka amalize dozi. Akiwa chanya, mambo mawili yanamlinda mtoto: dawa kwa mama wakati wa ujauzito kama daktari ataona inahitajika, na chanjo ya homa ya ini B kwa mtoto ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Ile ya wiki ya sita peke yake inakuwa imechelewa kwa mtoto wa mama mwenye virusi. Kwa hiyo ulizeni mapema, sasa hivi, kituo mnachotarajia kujifungulia kama wanayo chanjo ya kuzaliwa. Msingoje uchungu uanze. Yule wa miaka 4 fungueni kadi yake ya kliniki muone kama alimaliza sindano za wiki ya 6, 10 na 14, kisha naye apimwe.

Kumwambia ni leo jioni, mdogo wangu. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: nilichangia damu, wameona kitu, bado hakijathibitishwa, twende wote. Kirusi hiki kinapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa na wakati wa kuzaa. Hakipiti kwenye sahani, kikombe, kukumbatiana wala kukohoa, basi usijitenge na mwanao. Kinachotakiwa ni wembe wako, mswaki wako na mkasi wako wa kucha viwe vyako peke yako, kwa sababu kirusi kikiwa kwenye tone la damu lililokauka kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba. Kidonda cha patasi kifunge. Mbege na pombe nyingine weka pembeni mpaka hali ya ini ijulikane, na mahindi yenye ukungu msiyasage, sumu ya ule ukungu ikikutana na kirusi hiki inaongeza sana hatari ya saratani ya ini.

Ukiona macho yanageuka njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, tumbo linajaa, unatapika damu, au watu wa nyumbani wanasema unaongea vitu visivyoeleweka, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na majibu ya mashine yakitoka, niandikie tena. Usiniandikie neno "chanya" au "hasi" tu, ninakili zile namba zote kama zilivyo kwenye karatasi, pamoja na tarehe damu ilipotolewa.